Nimemtoa

Nilitolewa mahakamani na askari wawili, mmoja kanishika kwapa hili na mwenzake kwapa lile, kwa kosa la kumuuliza daktari swali moja. Mimi ni dobi. Shule niliiacha mapema, lakini mtu na kiti najua kuvitofautisha. Kiti kinavunjika, mtu anavunjika. Sasa daktari yule alisimama pale mbele, tai imemkaba vizuri, anasema "marehemu alizaliwa akiwa hai," "marehemu alikuwa wa kiume," na kila alipotamka ile "a" damu ilinipanda. Nikasimama kwenye benchi nikamwambia, "Daktari, mbona ofisini kwako kilikuwa ki? Kina hiki, hakina kile! Leo kimepandishwa cheo?"

Watu wakaangua kicheko. Jaji hakucheka, na nyinyi nanyi msicheke mpaka mjue kisa chenyewe.

Mdogo wangu tunamwita Fundi. Anashona sare za shule, na cherehani yake imekaa dirishani kwenye chumba cha mbele, watoto wake wawili wamekulia chini ya meza hiyo wakichezea vipande vya kitambaa. Mume wake, shemeji yangu, ni dereva wa lori la masafa marefu. Ukimuulizia utaambiwa katoka jana au anafika kesho. Anayekaa nyumbani siku zote ni mama mkwe wake, mama wa sala nyingi na masikio mazito, ingawa la jirani analisikia hata kama limenong'onwa.

Mimba ya tatu ilipokuwa kubwa kidogo, Fundi aliniomba nimsindikize hospitali kupigwa picha ya tumbo. Shemeji alikuwa safarini. Yule dada wa mashine alitukaribisha kwa maneno mengi, akampaka Fundi yale mafuta baridi, akaanza kuzungusha kifaa huku anatusimulia habari za kodi ya nyumba yake. Mara akanyamaza. Akarudia pale pale, akarudia tena, kisha akakigeuza kioo tusikione. Fundi akanitazama. Mimi nikatazama feni.

Tukapelekwa kwa daktari. Mezani kwake palikuwa na tumbo la plastiki, lile la kufundishia, lenye mtoto wa plastiki ndani, na muda wote alipokuwa anazungumza alikuwa akilifuta vumbi kwa kidole.

"Kina tatizo kubwa," alisema. "Hakina fuvu. Huku juu kote hakijafunikwa. Kikizaliwa hakitakaa."

"Lakini anacheza, daktari," Fundi akasema. "Hata sasa hivi anacheza."

"Kinacheza, ndiyo. Hiyo ni mishipa tu."

Mimi nikaingilia, maana mdomo wangu hauna breki. "Kama hakitakaa, si mkitoe? Kwa nini abebe mzigo miezi yote hiyo?"

"Sheria hairuhusu," akasema. "Labda maisha ya mama yawe hatarini. Aende nyumbani asubiri." Akaliweka tumbo la plastiki mahali pake, akaita mgonjwa mwingine.

Asubiri nini? Nilimuuliza Fundi tulipofika kwenye ngazi. Nilikuwa nimekasirika. Nikamwambia namjua mtu, nesi mstaafu, msafi, si wa vichochoroni, kesho tu mambo yamekwisha. Nikamwambia, "Kitoe, mdogo wangu. Hakuna atakayekulaumu mwenye akili timamu."

Alikaa kwenye ngazi pale pale, watu wakawa wanamruka. "Dada," akasema, "wewe unaona kitu. Mimi ananipiga mateke. Ataondoka atakapotaka mwenyewe."

Ndivyo ilivyokuwa, na naomba lisisahaulike: mtu aliyetaka mimba itolewe ni mimi. Ningeulizwa leo ningesema vilevile, kwa sababu niliona miezi iliyofuata ilivyomla. Alikuwa anapokea pongezi za wateja. Kila anayekuja kupima sare ya mwanawe anamshika tumbo, "Hongera, safari hii dume," naye anaitikia asante, pini mdomoni. Shemeji alipoambiwa alisema jambo moja tu: "Mama tusimwambie. Presha itampanda." Basi Mama Mkwe hakuambiwa, presha yake ikatunzwa, na hilo ndilo lililotufikisha tulikofika.

Kuna kitu Fundi alishona wakati huo. Nilikikuta chini ya cherehani siku moja nilipokwenda kuchukua mapazia. Kofia ndogo ya kitambaa cha sare, rangi ya samawati, ndani kaitia flana laini, na upande wa nyuma ameiachia kamba mbili za kufungia kidevuni. Ilikuwa pana juu, pana kuliko kofia ya mtoto. Nilielewa bila kuambiwa. Nikairudisha nilipoitoa, nikaenda zangu na mapazia, nikalia njia nzima kwa hasira.

Uchungu ulimshika asubuhi, kabla ya wakati wake. Shemeji yuko safarini, watoto wako shule, Mama Mkwe kaenda sokoni. Alizaa peke yake, sakafuni, kati ya kitanda na kabati. Aliniambia mwenyewe: mtoto hakulia. Alifungua mdomo kama anayepiga mwayo, akafunga, akafungua tena. Fundi akamkata kitovu kwa mkasi wa kazi, akamvalisha kofia, akamfunga kamba chini ya kidevu, akamviringisha kwenye shuka. Chumba kile hakina dirisha la maana. Hata mchana unawasha taa. Fundi akawaza: huyu hana siku nyingi, hana hata leo yote, ataondoka hajaona hata jua? Akajikokota mpaka uani akaketi, mgongo ukutani, na mtoto kifuani. Hapo ndipo mtoto alipokata roho. Juani.

Mama Mkwe aliporudi na kikapu alimkuta vilevile.

"Umefanya nini?" akauliza.

"Nimemtoa nje, mama," Fundi akasema. "Aone jua."

Mama Mkwe alisikia neno la kwanza, mengine hakuyangoja. Kutoa! Neno hilo likitajwa karibu na tumbo la mwanamke hakuna anayeuliza mara mbili. Akaangusha kikapu, akatoka mbio mpaka barabarani, anapiga yowe kwamba mkwe wake amemtoa mtoto, ameua. Mimi nilipofika, mtaa mzima ulikuwa uani, na nyanya zimesambaa zinakanyagwa.

Polisi walimuuliza Fundi, "Ulimtoa?" Akajibu, "Nilimtoa." Mdogo wangu ni mtu wa kujibu alichoulizwa. Hakuna aliyemuuliza alimtoa wapi, akampeleka wapi. Maiti ikapasuliwa, mapafu yakakutwa na hewa, kwa hiyo alizaliwa hai. Na kama alizaliwa hai akafa mikononi mwa mtu aliyekiri, basi hiyo ni kuua kwa kukusudia, na kosa hilo lina adhabu moja tu, ya kamba. Kofia nayo ikachukuliwa. Wakasema aliishona mapema kwa sababu alishapanga, na kwamba ndiyo iliyotumika kumziba pumzi. Mtoto akaitwa Kielelezo A, kofia ikaitwa Kielelezo B, vyote viwili vikafungiwa kwenye friji ya hospitali ile ile iliyosema haiwezi kusaidia.

Sasa nieleweshe, wewe unayesoma. Walikataa kukitoa kisicho na fuvu kwa sababu uhai ni mtakatifu. Haya. Kisha wakamchukua mwanamke mzima, mwenye fuvu, mwenye watoto wawili na oda ya sare za darasa zima, wakaanza kumtafutia kitanzi. Utakatifu umekwenda wapi hapo katikati? Mteja wangu mmoja, mama mwenye heshima zake, alileta mashuka dukani akasema, "Uhai anatoa Mungu peke yake. Huyo anyongwe tu." Nikamrudishia mashuka yake machafu vilevile. Nikamwambia sabuni imekwisha, na mate ya kumtemea yako karibu.

Hata mwendesha mashtaka alikuwa mteja wangu. Tunamwita Kola, kwa jinsi anavyotaka kola yake nyeupe ikauke kwa wanga mpaka isimame yenyewe. Nimempigia pasi joho lake miaka na miaka. Kesi ilipoanza akamtuma karani wake alichukue, nami nikalitoa kwenye beseni na kumkabidhi likichuruzika maji. "Mwambie avae hivyohivyo," nikasema, "litamkaukia akisema uongo." Karani alilibeba kwa mbali asilowe. Najua ni utoto, lakini ulinisaidia kula siku hiyo.

Wakili tuliyempata alikuwa kijana mwerevu, na aliiona njia mapema. Alituketisha, mimi na shemeji, akatueleza polepole. Mtoto akiwa "alizaliwa", yuko mtu, na mtu ameuawa. Lakini mimba ikiwa "ilitoka", hakuna mtu, ni ugonjwa kama magonjwa mengine. "Akifika mbele ya jaji," akasema, "aseme ilitoka. Basi. Ilitoka yenyewe, nikapoteza fahamu. Asiseme alizaliwa, asiseme nilimtoa. Hewa kwenye mapafu niachieni mimi, nitamhoji daktari mpaka ajikanyage."

Nikaenda gerezani siku ya kuona mahabusu. Tulikaa kwenye benchi, katikati yetu wavu, na askari wa kike anakunywa chai pembeni. Fundi alikuwa amekonda, vidole vyake vinashona hewa kwenye paja bila yeye kujua. Nikampa maneno ya wakili. Akanisikiliza mpaka mwisho.

"Yaani mnataka niseme i," akasema.

"Herufi moja, mdogo wangu! Moja! Sema i urudi kwa watoto wako."

"Nikisema i, sikuzaa."

"Basi hukuzaa! Kwani nani atakuuliza tena? Watakunyonga, unanielewa? Watakunyonga kwa ajili ya mtoto ambaye hata usingemgusa angekufa. Mwanao wa kwanza kila siku ananiuliza unarudi lini. Huyo ana kichwa, huyo anaongea, huyo unamtupa?"

Nilisema hivyo. Nilisema "ana kichwa", na hata askari akashusha kikombe. Fundi alitazama chini kidogo, kisha akaweka vidole kwenye wavu.

"Dada, alinishika kidole. Unaijua hiyo? Alikishika akakaza. Jasho hutoka, choo hutoka. Yeye hakutoka. Nikimkana mimi mama yake, nani atabaki wa kusema alikuwepo?"

Nilizidi kumkasirikia. Niliondoka bila kumuaga. Uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi, ndiyo, lakini mimi nami ni mzazi wa aina fulani. Huyo Fundi nilimbeba mgongoni mama yetu akiwa kazini.

Mahakamani alianza Mama Mkwe. Alisimama na kitambaa cha kufutia machozi tayari mkononi. Kola akamuuliza mkwe wake alisema nini. "Alisema, nimemtoa."

Wakili wetu akasimama. "Mama, alisema nimemtoa, akanyamaza? Au alisema nimemtoa nje?"

Mama Mkwe akakunja kitambaa, akakikunjua. "Hiyo nje," akasema, "hiyo nje ilikuwepo. Lakini ilisemwa chinichini."

Ilikuwepo! Miezi yote hiyo mdogo wangu analala sakafuni kwenye chumba cha wanawake hamsini, na neno la kumtetea limekaa kinywani mwa mama huyu kama pipi. Aliwapa polisi neno la kwanza, la pili akalimeza. Nilimtazama shemeji, akawa anatazama viatu vyake. Na hapo ndipo daktari alipoitwa, na hasira niliyokuwa nimeibana kwa ajili ya Mama Mkwe ikamwangukia yeye, nikatolewa kama nilivyokwisha kusema.

Nilirudishwa siku iliyofuata baada ya kumwomba jaji radhi. Niliomba kwa mdomo, moyo haukuhusika. Wakaniambia kelele zangu zilikuwa zimefanya kazi: wakili alilidaka swali langu, akalivalisha lugha ya kizungumkuti ya mahakama, akamlazimisha daktari atoe ile picha ya mashine na kueleza alichokiona. Daktari akarudi kwenye ki. Hakikuwa na fuvu. Kisingeishi. Ki kilirudi kazini haraka kuliko kilivyoondoka.

Kisha Fundi akapanda kizimbani. Wakili alimwanzishia kwa upole, kama mtu anayemvusha kipofu barabara.

"Siku ile, mimba ilitoka yenyewe, sivyo?"

Fundi akanitafuta kwa macho kwenye mabenchi. Nikamwashiria kwa kichwa, sema ndiyo, sema ndiyo, nakuomba. Nilikuwa nasali, mimi nisiyesali.

"Mimba haikutoka," akasema. "Mtoto alizaliwa."

Wakili alifumba macho. Kola alikuwa ameshasimama kabla hajaruhusiwa. "Akiwa hai?"

"Akiwa hai."

"Ukamvalisha hiyo kofia?"

"Nilimshonea mimi. Hakuwa na mfupa wa kichwa. Niliogopa ataumia."

"Kisha ukamtoa."

"Nikamtoa nje. Kwenye jua. Kama nilikosea, nilikosea hapo tu. Labda jua lilikuwa kali."

Mama Mkwe akaanza kulia, safari hii bila kitambaa, na mimi nikatamani kumpiga kofi na pia kumkumbatia, nikafanya yote mawili moyoni nikabaki nimekaa. Nilikuwa na uhakika kwamba mdogo wangu amekwisha.

Hukumu ilisomwa kwa muda mrefu. Jaji alikuwa na sauti ya mtu mwenye mafua. Akasema ushahidi wa kitabibu unaonyesha kwamba kile kilichotoka hakikuwa na uwezo wa kuishi. Kwamba kwa sababu hiyo, mbele ya sheria, hakikuwa mtu. Na kwamba kisichokuwa mtu hakiwezi kuuawa. Mshtakiwa aachiwe huru. Vielelezo virejeshwe kwa familia.

Nilipiga vigelegele mpaka askari wale wale wakaanza kunisogelea. Shemeji aliketi chini sakafuni, mwanamume mzima. Ndipo nikasikia sauti ya Fundi, bado yuko kizimbani.

"Mheshimiwa, alikuwa mtu."

"Mama, umeachiwa huru," jaji akasema. "Unaweza kwenda."

"Alikuwa mtu, mheshimiwa."

Wakili akamvuta mkono, akamnong'oneza anyamaze kwa ajili ya Mungu. Jaji alishaondoka. Vigelegele vikanikauka mdomoni. Wamempa uhai wake, lakini wamempa kwa bei ya mwanawe: walimwacha yeye kwa kumfuta huyo. Wangemnyonga kwa sababu mtoto ni mtu, wakamwachia kwa sababu mtoto ni kitu, na katika yote mawili hakuna aliyemsikiliza aliyekuwepo. Tangu hapo hakusema neno.

Kulekule hospitali tukaenda wote, mimi, yeye na shemeji. Mama Mkwe alitufuata nyuma kwa mbali. Sikumsalimia, sijamsamehe na sina mpango. Chumba cha maiti kiko nyuma ya jiko, na mbele yake pana kidirisha chenye nondo. Mhudumu wa pale alikuwa amevaa buti za mvua, anatafuna kitu. Akapokea karatasi ya mahakama, akaisoma kwa kuiweka mbali na macho.

"Aha. Mmefuata kile kielelezo. Kipo, kipo. Nani anakichukua?"

Fundi akafungua mdomo. Midomo ilicheza, sauti haikuja. Akajaribu tena. Nikaona vidole vyake vimeanza kushona hewa.

Mimi niliyesema kitoe, mimi niliyesema sema i, nikainama kwenye kidirisha mpaka paji likagusa nondo.

"Hakichukuliwi," nikamwambia. "Anachukuliwa. Na mama yake."

Yule mtu akaacha kutafuna. Alinitazama, akamtazama Fundi, akaiweka karatasi chini. "Anachukuliwa na mama yake," akarudia taratibu, akaenda ndani.

Aliporudi alikuwa amembeba kwa mikono miwili. Kofia alikuwa ameiweka juu, ndani ya mfuko wa plastiki wenye lakiri. Fundi akaikata lakiri kwa meno, jinsi anavyokata uzi. Akaitoa kofia, akainyoosha, akamvalisha, akamfunga kamba chini ya kidevu, asimkaze. Shemeji akatufungulia mlango. Nje ilikuwa mchana.

Tukamtoa.